Nilimpeleka Saanane mtoto wa mwenzangu kabla ya wangu

Habari za leo, admin, na nyote mnaosoma hapa. Jina langu lifiche, maana wateja wangu wengi wamo humu na magauni yao ya harusi bado ninayo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, fundi cherehani hapa Pasiansi, Mwanza, mwenye mwili wa kuuogopesha mtumbwi. Nina mume na binti mmoja tu, anayesoma bweni Iringa, kidato cha tatu. Nitamwita Kabula.

Mambo yalianza kwa wema. Nashona sare za shule moja ya bweni ya wasichana. Mwaka jana nilipokwenda kuchukua vipimo, kabinti ka kidato cha kwanza, nitakaita Tumaini, kakaniuliza, "Shikamoo mama. Una mtoto hapa?" Nikasema sina, wangu yuko Iringa. "Basi una nafasi," akasema. Shuleni kwao kuna Jumamosi moja kila mwezi ya kutoka na mzazi au mlezi. Kwao ni Songea, hakuna wa kumtoa, wenzake wakiondoka yeye hubaki bwaloni anaangalia televisheni na matroni. Baadaye mama yake akanipigia simu, shule ikakubali, nikawa mlezi.

Mpango wangu ulikuwa nimlishe ugali na sato, kisha akae kibandani anikunjie vitambaa. Lakini Jumamosi ya kwanza tu akauliza, "Mama, Saanane ni mbali?"

"Si mbali."

"Kuna nini huko?"

"Wanyama."

"Wanyama gani?"

"Wa kawaida," nikasema, maana mimi mzaliwa wa hapa nilikuwa sijawahi kukanyaga kile kisiwa. Akacheka, nami nikacheka, nikafunga kibanda.

Jamani, nilifurahi. Niliingia kwenye boti nimefumba macho, nikatoka nikijiona nahodha. Pimbi walikuwa wamejianika juu ya mawe kama nguo, Tumaini akiwasalimia mmoja mmoja. Baada ya hapo ikawa ndiyo zetu. Mwezi mmoja tunapiga picha kwenye Jiwe la Bismarck, mwezi mwingine tunakwenda Bujora kuangalia ngoma za Kisukuma, mara Saanane tena. Baba Kabula akawa ananitania, "Mtalii, leo chakula chetu kiko wapi?" Sikujali. Ndugu zangu, hizo ndizo Jumamosi ambazo tangu Kabula akiwa mdogo nilikuwa namwambia, "Mama ana kazi, nenda kacheze."

Likizo ya mwezi wa sita Tumaini akaenda kwao, Kabula akaja. Nikaona nami nimjulishe mji wake. Nikampeleka Saanane, nimevaa na kofia. Tulipofika kwenye boti, kijana wa kutuvusha akanipokea kwa shangwe: "Mama yetu, karibu tena. Leo umetuletea mgeni? Mwanao umemwacha shule?"

Nikacheka. Nikasema, "Huyo hayupo, leo nimekuja na huyu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu, mwanangu ni huyu. Maneno matatu. Sijui ulimi ulikwenda wapi, labda niliona uvivu wa kueleza, labda nilikuwa nawaza nitakavyopanda boti bila kuaibika. Kabula akatangulia kupanda boti. Kisiwani nikazidisha: "Hapa mwenzako aliteleza. Huyu pundamilia mwenzako anampenda." Tulipofika juu ya mawe, ziwa lote liko mbele yetu, mwanangu akasema kwa adabu kabisa, "Mama, mgeni amechoka. Turudi."

Siku zote zilizobaki akawa anajiita hivyo. "Mgeni anaomba chumvi." "Mgeni amemaliza kuoga, maji yapo." Baba yake alidhani ni utani, akawa anacheka naye. Nilimwomba msamaha akiwa jikoni, akasema, "Hujanikosea mama, umenisahau tu," akaendelea kukatakata mchicha.

Sasa likizo fupi inaanza wiki ijayo. Songea ni mbali kwa siku chache hizo, kwa hiyo nilishamkubalia mama Tumaini kwamba mtoto atakuja kwangu. Mama wa watu amenitumia kifurushi kwa basi, nimekipokea stendi ya Nyegezi: dagaa wa Nyasa. Mimi wa Mwanza kutumiwa dagaa, nimekula heshima hiyo kwa machozi. Jana Kabula akapiga kwa simu ya matroni wao.

"Mama, huyo mwenzangu atakuwepo nyumbani?"

"Atakuwepo. Mtalala chumba kimoja, mtazoeana."

"Basi mimi nabaki huku. Kuna mama wa rafiki yangu atatuchukua."

"Mama gani huyo?"

"Mama tu. Huwa anatutoa Jumamosi."

Simu ikakatika, au aliikata. Tangu hapo sikai. Naingia, natoka, leo nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto, nikafumua, nikaurudisha palepale. Baba Kabula anasema watoto wana hasira za mvua, zitapita. Mimi naona hii haipiti yenyewe. Nikimwambia mama Tumaini mtoto asije, katoto hako kanarudi bwaloni kwa kosa lisilo lake. Nikimpokea, mwanangu haji kwao. Nikipanda basi kumfuata Iringa, naogopa atanipokea kama mgeni, na atakuwa na haki.

Mnishauri, nifanye lipi kwanza? Kunisema mniseme, ila mpange foleni.

Na kama mama huyo wa Iringa yumo humu, anayetoa mabinti wawili Jumamosi: yule mrefu asiyeongea sana ni wangu. Hali nyanya mbichi. Akizitenga pembeni mwa sahani usimwone ana jeuri, ndivyo alivyo tangu utoto. Na akicheka, tafadhali nitumie hata picha.