Marahaba Aliyoninyima Malkia

Kila mwaka nafundisha sababu za mapinduzi, na kila mwaka nadanganya. Nasimama mbele ya darasa lililofurika hapa Temeke, chaki mkononi, naandika ubaoni kwa nini watu wa Visiwani walimng'oa Sultani: ardhi kuwa mikononi mwa wachache, ubaguzi, uchaguzi ambao upande mmoja ulipata kura nyingi na mwingine ukapata viti vingi. Wanafunzi wananakili. Mwaka huu binti mmoja wa nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kati ya hizo, ipi hasa iliwaamsha watu?" Nikamjibu ardhi, kwa sababu ndiyo inayopewa alama.

Jibu la kweli nalijua. Mimi mwenyewe nimeshampindua malkia, na sababu yake ilikuwa neno moja ambalo hakulisema.

Usicheke. Mtaa wetu wa Keko, nyuma ya mafundi seremala, una kikundi cha akina mama kilichoanzishwa na bibi zetu, cha kupiga ngoma kwenye harusi na kupika kwenye misiba. Kikundi hicho kilikuwa na Malkia. Hachaguliwi. Mama yake alikuwa Malkia, bibi yake pia, na binti yake alikuwa akiandaliwa. Alikuwa na kiti chake cha mninga, kimechongwa maua mgongoni na mafundi wa pale pale Keko, kina mto mwekundu, na wanawake wawili walikibeba kila shughuli aliyokwenda. Akiingia, wote tunasimama. Hakuna anayekaa mpaka akae yeye, hakuna anayeonja mpaka aonje yeye. Ufunguo wa stoo yenye masufuria makubwa, yale ya kulisha msiba mzima, aliufunga kwenye pindo la kanga yake na hakumwachia mtu.

Mama yangu alikuwa mpishi wao. Miaka na miaka alisimama kwenye moshi wa shughuli za watu, na wali wake ulitoka umechambuka punje kwa punje. Binti wa Malkia alipoolewa, mama hakwenda. Miguu ilikuwa imemvimba hata kandambili haziingii. Alituma salamu, doti ya kanga na udi. Vilirudishwa siku ile ile pamoja na ujumbe: "Mwambieni, hata kuumwa kunaombewa ruhusa."

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Miezi minne baadaye mama akafariki. Asubuhi ile nilikwenda kwa Malkia kuomba masufuria. Nilimkuta barazani anakunywa chai kwa vitumbua. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama. Akachukua kitumbua, akakikata, akatafuna. Nikadhani hajasikia.

"Shikamoo, mama," nikarudia.

Akanywa chai. Kisha akasema, "Mama yako alijitoa kikundini mwenyewe. Masufuria ni ya wanachama."

Angeninyima masufuria peke yake, huenda leo ningekuwa nimemsamehe. Lakini marahaba! Marahaba hata mlevi wa kilabuni anaitikia. Unaweza kugombana na mtu miaka kumi, mwanawe akikupa shikamoo unaitikia, kisha ugomvi unaendelea. Mimi nimefiwa, nimepiga magoti, natoa heshima niliyofundishwa na yule yule aliyelala nyumbani akisubiri kuoshwa, naye anaiacha chini pale na makombo ya vitumbua. Nilipoinuka nilikuwa na chuki ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanipa nguvu.

Tukapika kwa vijisufuria vya majirani, kwenye majiko ya mkaa yaliyopangwa uani mpaka mlangoni. Wali mwingine ulitoka mbichi, mwingine mabwabwa, mwingine umeungua. Watu waliotoka makaburini walikaa kwenye mikeka wakingoja mpaka alasiri. Mzee mmoja alionja, akarudisha tonge kwenye sinia, akasema taratibu, "Kweli leo mpishi hayupo." Nikaenda nyuma ya choo nikalia, na nilichokuwa nikilia hakikuwa msiba. Nililia kwa aibu.

Baada ya arobaini nikaanza kazi. Kila Jumamosi nilikwenda nyumba moja, nimebeba sukari na majani ya chai kama mgeni mwenye adabu. Nilikuwa na swali moja tu: "Malkia alikufanya nini?" Wote walianza kwa kusema hakuna. Nawamiminia chai tena, nangoja. Ndipo yanatoka. Mmoja alirudishwa nyumbani kubadili gauni kwa sababu lilimeremeta kuliko la Malkia. Mwingine alisimama na mimba ya miezi minane huku Malkia akipangiwa mto wake kitini, ukipangwa hivi, haupendi, ukipangwa vile, haupendi. Bibi mpiga ngoma, mkubwa kuliko sisi sote, aliambiwa mbele ya wakwe zake kwamba ananuka moshi.

"Mie nilishayasahau hayo, mwanangu," bibi aliniambia, kisha akanisimulia neno kwa neno.

Hakuwa amesahau hata nukta. Nami, niseme ukweli, nilifurahi. Kila uchungu wao niliupokea kama zawadi.

Tulikubaliana jambo moja dogo: hatusimami.

Siku ya mkutano mkuu turubai lilifungwa uani, tukakaa kwenye mikeka. Kiti kikatangulia, kikawekwa mahali pake. Kisha akaingia Malkia, binti yake nyuma. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka kutupa ruhusa ya kukaa, ndipo akaona tumekaa. Ukabaki hewani. Randa za mafundi zilisikika kutoka barabarani.

"Nyie mna nini?"

"Tumechoka kusimama, bibi wee," akajibu bibi mpiga ngoma.

Malkia akatafuta macho ya mtu wa kumtetea. Wote walikuwa wanatazama mikeka. Mimi peke yangu nilikuwa namtazama yeye. Akanielewa, na uso wake ukalegea.

"Hujambo, mwanangu?" akaniambia.

Nikanyamaza.

"Mwanangu, hujambo?"

Nilimwachia kimya kile kile alichonipa, chote, bila kupunguza. Akafungua pindo, akauweka ufunguo kwenye mkeka, akatoka. Hakuna aliyembebea kiti. Niliazima shoka kwa mafundi nikakipasua mwenyewe, na mninga, kama hujui, unawaka vizuri. Tukabandika sufuria kubwa kuliko yote kwenye mafiga, pilau ya siku ile ikaiva kwa kiti cha Malkia. Nilikula sahani mbili. Sijawahi kula pilau tamu kama ile, na sitajisingizia majuto nisiyokuwa nayo.

Malkia hatuna tena. Mimi ni mwenyekiti tu, na ufunguo uko kwangu. Siku hizi nikiingia, wachache wanasimama. Sijawaambia wasimame. Wala sijawaambia wakae.

Mwaka jana yule mama alifariki Chamazi, alikohamia kwa binti yake. Binti alikuja asubuhi kuomba masufuria. Alinikuta nakunywa chai. Akapiga magoti.

"Shikamoo, dada."

Nikanywa.

"Shikamoo, dada."

Nikafungua pindo la kanga yangu, nikampa ufunguo. Masufuria yote alichukua, na wapishi nikamtolea, na wali wa msiba wa mama yake ulichambuka punje kwa punje, nilihakikisha mwenyewe. Marahaba sikumpa. Nilijiambia sasa tumelingana. Alipoinuka alinitazama kwa muda, ufunguo mkononi, kisha akaondoka bila kuaga.

Juzi bibi mpiga ngoma alikuja kunitembelea. Aliniambia alikutana na binti huyo sokoni Tandale, binti akamsaidia kubeba kapu, akamchukua mahali wakanywe chai. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Kitu gani?" nikauliza.

"Eti, mwalimu alikufanya nini?"

"Ukamjibuje?"

Bibi akashika kikombe chake kwa mikono miwili, akanywa taratibu, hakuniangalia.

"Nilimwambia hakuna," akasema. "Akanimiminia chai tena."