Bendera za Gadi wa Treni

Fundi cherehani wa nyuma ya posta aliacha kusikia akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya homa. Tangu hapo dunia ilimpitia kama mambo ya nyuma ya kioo cha dirisha: midomo ikicheza, milango ikifungwa bila kishindo. Cherehani yake aliisikia kwa viganja. Na mpira wa tenisi, wifi yake alipomvuta klabuni, aliuona ukielea polepole mno, hata akapata nafasi ya kuupenda.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mwamuzi akipaza sauti "Nje!", wote husimama, yeye akabaki anakimbia peke yake. Siku moja mpinzani aliinua mkono kulalamika. Fundi, mtu wa adabu zake, akampungia. Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni. Kila habari ilimfikia yeye wa mwisho, na sasa hata habari za mpira.

Katibu wa klabu akamwandikia kikaratasi: Jumamosi ikitokea tena, basi, hachezi tena michezo ya wawili wawili. Roho ilimuuma. Ile ndiyo saa pekee ya wiki ambayo hakuna aliyemwonea huruma.

Wifi hakulaza damu. Alimfuata mwamuzi, mzee aliyestaafu ugadi wa treni.

"Baba, kule kwenye behewa la nyuma, dereva ulikuwa unampigia kelele?"

"Kelele? Angenisikia wapi na injini ile? Bendera, mwanangu!" Mzee akajishika kichwa. "Aa! Miaka yote hii!"

Jumamosi mzee alipanda kitini pake pa uamuzi na bendera mbili zilizopauka, ya kijani kwa mpira wa ndani na nyekundu kwa wa nje. Fundi mwenyewe alikuwa amezishona pindo asubuhi ile.

Mchezo ulikuwa mrefu na mtamu kama usingizi wa mchana. Pointi ya mwisho fundi alipiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaelea, ukaelea, ukatua karibu na mstari na kutimua vumbi jekundu. Safari hii hakukimbia. Aligeukia kitini pamoja na watu wote.

Bendera nyekundu.

Wifi, aliyecheza naye, alimwona anatabasamu, akadhani hajaelewa. "Tumefungwa, wifi," akasema taratibu, ili midomo isomeke.

"Najua," fundi akajibu, machozi yakimtiririka. "Nimejua saa ileile mliyojua nyinyi."