Jinsi ngurumo za mume wangu zilivyokausha pamba ya baba, Kasongo

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimewasoma vijana mkibishana kuhusu mitambo ya simu kuharibu vipimo vya hali ya hewa. Mmoja akasema ni mambo mapya. Mapya wapi! Mimi ni bibi kizee, na haya niliyaona kwa macho yangu pale Kasongo, Kongo, Wabelgiji wangali wanatawala. Siongezi chumvi.

Mume wangu, Salumu, alikuwa mtu wa TSF, yaani redio ya kutuma telegramu. Anagonga kitufe, ti-ti-taa, ujumbe unafika mgodini Salamabila. Tulipewa nyumba ya matofali. Nilijidai kweli kweli, nisiwafiche.

Basi akaja Mzungu mmoja na mashine ya kusikiliza radi. Ilikuwa na waya mrefu juu ya mlingoti na kalamu inayochora kwenye karatasi. Radi ikipiga mbali kiasi kwamba sikio halisikii, waya unanasa mawimbi yake kama redio, kalamu inaruka.

Akaiweka chumba kimoja na Salumu, kwa sababu betri zilikuwa humo.

(Wenye akili zenu mmeshaanza kucheka. Subirini.)

Muda si muda kalamu ikawa inaruka kama kichaa. Mzungu akamwambia agronomu, bwana wa kilimo, kwamba mvua iko karibu. Amri ikatoka vijijini: pandeni pamba.

Enzi hizo pamba haikuwa hiari. Shamba lako likikutwa tupu, unafungwa.

Baba yangu alikuwa analima upande wa Lusangi. Akasita, maana mbingu ilikuwa nyeupe pee. Salumu akampelekea salamu kwamba mashine haidanganyi. Akapanda.

Jua likawaka. Pamba ikachipua, ikanyauka yote. Kisha tukasikia agronomu anakuja kukagua, na mwenye shamba kavu atahesabiwa mvivu. Baba yangu, mzee yule, jela!

Mchana nikampelekea Salumu ugali na sombe, yaani kisamvu, kazini, hasira zimenijaa. Nimesimama mlangoni, yeye anagonga, na kila akigonga kalamu ya Mzungu inaruka. Akiacha, inatulia.

"Baba Zaina," nikamwambia, "ngurumo ni weye!"

Akagonga tena. Ikaruka. Jasho likamtoka.

"Nikisema, batanifukuza."

"Na usiposema, baba yangu anaenda buloko, kufungwa."

Akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaenda kumwita Mzungu.

Mzungu akamwambia agonge mbele yake. Akaitazama kalamu, uso ukawa mwekundu. Hakufoka. Alikwenda mwenyewe kwa agronomu, ukaguzi ukaahirishwa, na mbegu nyingine ikagawiwa. Salumu hakufukuzwa, maana hakukuwa na mwingine wa kugonga.

Ndipo wakapangiana zamu. Kila saa kitufe kilipumzika kwa robo saa, mashine ikasikiliza peke yake. Wafanyabiashara walinung'unika kwamba telegramu zao zinachelewa. Wanung'unike tu.

Siku kalamu iliporuka wakati wa zamu yake, Salumu amekunja mikono, mvua haikukawia. Baba akapanda mara ya pili, na safari hii pamba ikashika.

Kwetu mkwe na baba mkwe hawaongei ovyo, ni heshima. Salumu aliona haya hata kuitaja Lusangi. Siku moja baba akaja kwetu, akakaa uani, akanikabidhi kuku.

"Upikie mukwe wangu. Umuambie akule na mukono ile ile ya kugonga, haina kosa."

Nililia, wakuu. Salumu alikuwa ndani, alisikia yote, naye akalia.

Nilichojifunza: hewa unayoitumia kusemea, mwenzako anaitumia kusikilizia. Vijana mnaita interference, sisi tuliiita jela. Pangianeni zamu, na aliyevuruga aseme mapema.

Haya, mlio kwenye kazi za mitambo, semeni nanyi: kwenu nani alinyamaza, na nani alilipia?