Boriti ya Chumba cha Kambo

Wiki iliyopita nilipita Makomeno, mtaa tuliokulia, kumwona kaka yangu, ambaye anaikarabati nyumba ya wazazi wetu. Kabla sijafungua geti nikasikia nyundo ikigonga tofali, ka, ka, ka, nikasita kuingia. Utanishangaa, rafiki yangu. Wengine sauti hiyo huwaletea raha ya nyumba mpya. Mimi hunirudisha kwenye msimu ule ambao mama yangu hakutulia hata kidogo.

Kambo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, alikuwa anakuja kutoka kwao kaskazini kuishi nasi, maana miguu ilikuwa imemchoka. Nyumba haikuwa na nafasi, ikabidi kijengwe chumba kimoja zaidi. Baba alifanya kazi kwenye reli, akapata habari kwamba depo moja ya zamani inabomolewa. Akarudi na lori limejaa matofali, mabati, na boriti moja ndefu, nyeusi, nzito kama nini. Ua wetu ukageuka karakana. Sisi watoto tukitoka shuleni tuliketi chini kugonga matofali mpaka chokaa ya zamani ibanduke, na misumari iliyopinda tuliinyoosha juu ya jiwe. Vumbi liliingia kwenye nywele, kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, hata bukari, ugali wetu, ilikwaruza mdomoni. Matundu ya mabati baba aliyaziba kwa lami aliyoichemsha katika kopo juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa. Hadi leo nikinusa lami namwona ameinama pale.

Matofali mama aliyapenda. Mabati hayakumsumbua. Aliitilia shaka boriti tu, iliyobeba paa la chumba kile kipya. Fundi aliyetujengea alikuwa ameipaka rangi ya kahawia ikang'aa, lakini mama akipita chini yake aliinamisha kichwa, ingawa ilikuwa juu sana. Mara nyingine alitunyamazisha sote, akasimama katikati ya chumba na kutega sikio.

“Iko inalia,” alimwambia baba.

“Mbao yote inalia jua ikiikamata,” baba akajibu. “Hii ilibeba depo yote, njo itashindwa na kachumba kamoya? Unajitafutia presha bule.”

Kambo alipofika alikipenda chumba kile mno. Aliketi kitandani na rozari yake, akatuambia kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumjengea chumba chake mwenyewe. Kila aliposema hivyo, mama aliangalia juu. Hofu yake ikanihamia na mimi. Darasani, wingu likifunika jua, sikusikia tena mwalimu anasema nini.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, na upepo wa kung'oa miti. Baba alikuwa kazini. Mama aliacha sufuria motoni, akaingia kwa Kambo.

“Mama, ninaomba mutoke humu. Mvula iko inakomaa.”

“Unanifukuza mu nyumba ya mutoto wangu?”

“Hapana, mama. Niko naogopa tu.”

Kambo alikataa. Mama akamwita jirani, wakamshika mikono, wakamtoa huku analia, kisha wakakokota kitanda hadi sebuleni. Tukaketi tumeukodolea macho mlango wa chumba kile. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Halafu mvua ikapungua, ikakatika, na boriti iko palepale. Jirani alimtazama mama kwa huruma, akaaga. Kambo alijifunika kitambaa usoni. Nilitamani boriti ianguke, na wazo hilo likanitisha kuliko radi.

Baba alirudi ameloa. Kambo hakumngoja akae. “Muke yako amenitosha inje ya chumba yangu.”

Baba hakupaza sauti. Alishika kitanda upande mmoja akirudishe. Mama akasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye fremu.

“Baba ya batoto, panda kwanza uangalie. Kama iko nzima, mi mwenyewe nitarudisha kitanda, na nitamupigia mama magoti.”

Baba akapanda juu ya meza na kisu cha jikoni. Alichoma ile rangi ya kahawia, na kisu kikazama mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate. Alipokivuta, unga wa mbao ukammwagikia usoni na mchwa wakaingia ndani ya shati. Ndani hamkuwa na kitu. Rangi tu ndiyo iliyobaki na sura ya boriti. Hakujifuta hata macho.

“Mutoshe batoto inje,” akasema polepole.

Kesho yake paa likashushwa. Boriti nyingine ilichelewa kupatikana, kwa hiyo baba akahamia kwenye mkeka sebuleni, na Kambo akalala kitanda kimoja na mama masika yote. Mama alimpigia magoti hata hivyo. Kambo alisogea tu kitandani, akamwachia nafasi pembeni yake.

Kila asubuhi, kabla ya uji kuiva, tuliwasikia wawili hao wakinong'ona nyuma ya pazia na kucheka chini chini. Tukiingia, walinyamaza. Sasa kaka atamwaga zege juu ya nyumba nzima, na nimemwambia afanye hivyo, ni salama. Wale wanawake wawili hawapo tena duniani. Nilitamani sana kujua walikuwa wanacheka nini, na hakuna aliyebaki wa kuniambia.