Mahindi ya Mama Kasuba Pale Kona

Hapa Luanshya mvua ikianza kila mtu hutafuta pa kupanda. Mama Kasuba, mjane wa mchimba shaba, alijitwalia kipande cha ardhi kwenye kona ya mtaa wetu, pale barabara ya sokoni inapokutana na ile ya mgodini. Kufika mwezi wa pili mahindi yake yalikuwa yamempita mtu mrefu kimo. Madereva walinung'unika kwamba hawaoni gari linalotokea upande wa pili.

"Pigeni honi," aliwajibu. "Mahindi hayana miguu ya kukimbilia barabarani."

Tulicheka, maana sote tulikuwa tunachuma pale kwa ruhusa yake.

Asubuhi moja Chitundu, fundi viatu wetu, alitokea nyuma ya mahindi kwa baiskeli. Dereva wa lori hakumwona, naye hakuliona lori. Alifia palepale.

Hakuna aliyemlaumu Mama Kasuba usoni. Mazishini alikaa nyuma kabisa, kichwa amekifunika kwa kitenge. Matanga yalipokwisha, alikwenda kwa mke wa marehemu, Mama Lombe, akapiga magoti mlangoni.

"Dada, mimi ndiye niliyepanda."

Mama Lombe akamjibu: "Ulipanda, kweli. Na jioni ile kabla hajafa tulikula mahindi yako, akakusifu. Sasa niseme nini? Inuka, sakafu ina baridi."

"Sijui niinukeje."

Mama Lombe akamshika mkono, akamwinua.

Kesho yake Mama Kasuba alichukua panga akaanza kufyeka, mahindi yakiwa bado mabichi. Mama Lombe alikuja bila kuitwa, na panga lake. Walifyeka hadi jua likawa kali.

Msimu uliofuata jirani mgeni, Mulonda, alipanda mahindi kona ya ng'ambo. Mama Kasuba akamfuata.

"Baba, hapo panda viazi vitamu. Vinatambaa, haviwazibi watu macho."

"Kumbe siku hizi umekuwa trafiki, mama?"

"Hapana. Mimi mahindi yangu yameua mtu."

Mulonda alitazama chini. Miche ilikuwa haijafika magotini. Aliing'oa siku hiyohiyo.

Sasa kona zote mbili zina viazi, na anayetoka sokoni huona barabara hadi mgodini. Mama Lombe hupita jioni kuchuma matembele. Mama Kasuba hupalilia tu. Mwenyewe hachumi hata jani.