Baraka za Bibi wa Sekei

Nasieku alikuwa Mwarusha wa Sekei, akaolewa Umeruni kwa Sumari, miaka ile Mdachi amekwisha kujiwekea boma lake mjini na watu bado wakidhani ataondoka. Alikwenda na kibuyu chake cha maziwa na Kimaa chake, lugha ya Waarusha. Kibuyu hakikumletea maneno.

Binti yake, Nalepo, alifikia umri wa kuchunga mbuzi hana sentensi iliyonyooka. Ataanza kwa Kimeru, amalizie kwa Kimaa. Mama mkwe akaona balaa hilo. "Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mtoto," alisema. "Utatuletea bubu humu migombani."

Nasieku hakujua ashike lipi. Mwalimu wa misheni alitaka Kiswahili, mume alijikalia kimya, na mama mkwe alikuwa amelea watoto wengi, wote wanasema vizuri. Basi akaamua, na shaka yake moyoni vilevile. Kila neno la Kimaa likimtoka Nalepo, kofi la mdomo. Mtoto akanyooka kweli, Kimeru chake kikasifiwa hadi Kikatiti. Nasieku naye akabaki hana wa kuzungumza naye lugha ya kwao ila mbuzi. Mbuzi, jamani. Alikuwa mpweke, na hakujua amkasirikie nani.

Ndipo habari zikaja kwamba mama yake hajiwezi, anamtaka mjukuu ambariki kabla hajafa. Wakashuka Sekei. Njia nzima Nasieku aliwaza kilio tu. La kumwandaa mtoto halikumpitia kichwani.

Bibi alikuwa kakaa juu ya ngozi, macho yamemwishia, haoni tena. Nalepo akainamisha kichwa vizuri, bibi akakiwekea mkono. Sasa, kwa Waarusha baraka ni ya watu wawili. Mkubwa hutamka, na anayebarikiwa huitikia "Naai," kumwita Mungu. Isiyoitikiwa haishiki.

"Mungu akulinde," akasema bibi kwa Kimaa.

Kimya.

"Mungu akupe uzao na ng'ombe."

Kimya. Nasieku akamtolea mtoto macho, akamtikisia kichwa: itikia. Neno alikuwa analijua, alilinyonya na maziwa. Lakini Nalepo alipomwona mama yake anamkazia macho, aliinua mkono akaufunika mdomo, kama anavyofanya akijua kofi linakuja.

Nasieku alichanganyikiwa. Pale pale likamtoka mwenyewe: "Naai."

Bibi akaendelea kutamka, Nasieku akiitikia kila mara, mpaka baraka zikaisha. Kisha kikongwe akauondoa mkono taratibu kichwani pa mtoto.

"Nasieku," aliuliza, "sauti hiyo ni yako. Sasa nimembariki nani?"

 Nasieku akaushika mkono wa Nalepo autoe mdomoni. Haukutoka.