Mama Shuka Akataa Kubaki Peke Yake

Saa tatu asubuhi, mtandika vitanda wa ghorofa ya pili ya hoteli anafungua mabomba ya chumba ambacho hakijalaliwa kwa siku kumi na tisa. Anavuta maji ya choo, anafungua dirisha, anasubiri, anafunga. Asipofanya hivyo, chumba kitanuka. Ana vyumba ishirini na viwili. Leo vyenye wageni ni vitatu tu.

Wenzake humwita Mama Shuka. Ana miaka hamsini na mmoja, kumi na minane akiwa hapa, na ukimuuliza wageni wamekwenda wapi hababaiki. Huko kwao uchumi umeyumba, watu wamefunga mikanda. Huku nako kodi ya malazi kwa mgeni wa nje imepandishwa maradufu. Bibi mmoja aliyezoea kuja kila mwaka kwa wiki mbili, safari hii alikaa siku nne. Alipoaga alilia, na Mama Shuka akalia naye.

"Watu wanadhani kodi anailipa mgeni," anasema. "Mgeni si amebaki kwao? Ninayeilipa ni mimi."

Mwezi uliopita meneja alimwita yeye na mwenzake, binti mwenye mtoto wa miezi mitano. Kazi yote binti huyo kafundishwa na Mama Shuka, maana kitanda kipana walikitandika wawili, kila mmoja upande wake. Meneja, macho chini, akasema umebaki mshahara mmoja. Mkongwe ndiye abaki.

Nyumbani chakula hakikushuka. Mumewe, fundi viatu asiyeishiwa utani, alimuuliza mbona kaponea chupuchupu halafu kanuna kama aliyefukuzwa. Hakucheka.

Kesho yake alirudi kwa meneja: mshahara ukatwe nusu kwa nusu, kila mtu siku tatu kwa wiki. Meneja akamuuliza kama ana akili timamu. Akajibu anazo, na kwamba ada ya shule ya kitindamimba wake atajua pa kuitoa. Alikubaliwa kwa miezi sita.

Tangu hapo wanapokezana. Mwezi mzima hawajaonana, ni simu tu, na hilo, anakiri huku akijifuta macho bila aibu, ndilo linalomuuma kuliko pesa.

"Wapunguze hiyo kodi hata kidogo, wageni warudi," anasema. "Sitaki utajiri mimi. Nataka tu siku moja tupangwe zamu moja tena, achelewe, nimgombeze."